Kiwiko cha Feruzi

Mnyanyua peke yake haoni kiwiko chake. Mmeisikia sasa hivi kwa huyo aliyekuwa akimkaripia mwenzake kwenye benchi, mkacheka, mkadhani ni maneno ya kuwatishia wageni wa vyuma. Si hivyo. Haya, wekeni mizigo chini, jifuteni jasho, niwaeleze ilikotoka. Na wewe uliyekwisha jilaza hapo, inuka kwanza. Chuma hakina miguu, utakikuta.

Ilitoka kwa Feruzi. Feruzi alikuja Tabora kutoka Ujiji akiwa kijana, kufanya kazi karakana ya reli, miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa ya foleni. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kila mlango ulimlazimisha kuinama kabla hajabisha hodi. Hapa mjini hakuwa na mjomba wala binamu. Alipanga chumba kimoja chenye ua mdogo kule Isevya, na jioni ya kwanza alikaa juu ya sanduku lake akila mkate mkavu, akiwasikia majirani wakiitana kula. Hakuna aliyemwita, kwa sababu hakuna aliyelijua jina lake.

Aliyemtoa katika ukiwa huo ni Sudi, fundi mwenzake wa karakana. Sudi alikuwa mfupi, mnene wa shingo, na mdomo wake haukujua likizo. Alikaa na mama yake, Bi. Nyamizi, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Ijumaa moja Sudi alimchukua mgeni wake mpaka nyumbani. Bi. Nyamizi akamtazama kuanzia miguuni, macho yakapanda, yakapanda, mpaka shingo ikamuuma.

"Sudi, baba, umeniletea mtu au ngazi? Mpe kigoda upesi, asije akaning'olea bati."

Siku hiyo Feruzi alikula ugali na mlenda mpaka akaona haya. Alipoaga, Bi. Nyamizi alimfungia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, katika bakuli la bati lenye ua jekundu, akamwambia, "Bakuli langu lirudi, na wewe urudi nalo." Akarudi nalo. Akawa anarudi kila siku.

Sasa, vyuma. Nyuma ya nyumba ya Bi. Nyamizi palikuwa na uwanja mtupu wa kuku. Hapo vijana hao wawili walitengeneza benchi la mninga, wakapata mtaimbo mrefu, na kwa ruhusa ya mkuu wa karakana wakabeba magurudumu mawili ya kiberenge, kigari cha reli, kilichokufa. Walipotaka kuanza na uzito mdogo walitumia makopo ya rangi waliyoyajaza zege. Kila alasiri walipotoka kazini, mmoja alilala chali kwenye benchi akisukuma chuma juu, na mwingine alisimama kichwani pake. Kazi hiyo waliiita kusimamia. Msimamizi hakushika chuma. Alitazama tu, na vidole vyake viwili alivisogeza karibu na kiwiko cha mwenzake, hasa cha kulia. Kiwiko kikianza kutanuka kwenda nje, alikigusa na kusema neno moja, "Kiwiko." Aliyelala alikirudisha karibu na ubavu, akaendelea.

Desturi hiyo haikuwa ya kubuni. Babu yake Sudi alikuwa mpagazi wa misafara, na katika nyumba ile habari za mabega zilirithiwa kama wengine wanavyorithi mashamba. Mpagazi hajitwishi, ndivyo alivyosema babu. Hata mzigo ukiwa wa kwako, mwenzako ndiye akutwishe, maana yeye anaona ulivyokaa na wewe huoni. Sudi akayahamishia hayo kwenye benchi. Usianze na magurudumu, anza na mtaimbo mtupu mpaka mwili upate joto. Bana mabega nyuma kana kwamba umeficha punje ya mahindi katikati ya mgongo na kuku anaitafuta. Chuma kishuke chini ya chuchu, kisishuke shingoni. Ukisukuma kumi, vuta kumi. Na bega likiuma, acha. Alikuwa akiyasema haya kila siku, na Feruzi alikuwa akimwambia kila siku kwamba amesikia, jamani.

Katika alasiri moja ya namna hiyo, Bi. Nyamizi alikuwa kando akipukuchua mahindi. Akamwita Feruzi.

"Mwanangu, nina neno. Siku yangu ikifika, ushike jeneza mbele. Huyu ndugu yako ni mfupi, akikaa mbele nitakwenda kichwa chini miguu juu, nifike kaburini na kizunguzungu. Wewe ndiye mrefu wangu."

"Mama, achana na maneno hayo."

"Sikuulizi unayapenda. Nakuuliza, utashika?"

"Nitashika, mama."

"Mbele?"

"Mbele."

Bi. Nyamizi akacheka, akaendelea na mahindi yake. Feruzi hakucheka. Kwa mtu asiye na ndugu mjini, kuambiwa hivyo ni kupewa ukoo. Usiku aliyarudia maneno hayo kitandani kama mtoto anavyorudia jina jipya.

Basi yakaja mashindano. Ilikuwa sikukuu ya Idi, vijana wa karakana walishindana na vijana wa stesheni kusukuma chuma, uwanja umejaa watu. Sheria ilikuwa moja: chuma chako kikiguswa na mtu mwingine, umeshindwa. Feruzi alilala, Sudi akasimama kichwani. Mara ya kwanza ikapanda, ya pili ikapanda. Ya tatu ndiyo ingempa ushindi. Watu walikuwa wakiliimba jina lake, na mtu aliyewahi kula mkate mkavu juu ya sanduku akisikia jina lake linaimbwa, akili humtoka. Akasukuma kwa pupa. Kiwiko cha kulia kikaanza kutanuka.

"Kiwiko," Sudi akasema kwa sauti ya chini. Kisha akapaza, "Kiwiko, Feruzi!"

Watu wakaangua kicheko. Kiwiko kikazidi kwenda nje, bega likaanza kutetemeka, na Sudi akaudaka mtaimbo kwa mikono miwili. Feruzi akawa ameshindwa.

Aliinuka akiwa mwekundu wa macho. "Umeninyima."

"Nimeokoa bega lako. Kesho ungeshika nyundo kwa nini, kwa meno?"

"Mimi ni mtoto wako? Kila siku kiwiko, kiwiko! Tangu leo usinisimamie."

"Sikusimamii," Sudi akasema, naye hasira zimempanda. "Tena chukua na magurudumu yako, ukasimamiwe na ukuta."

Neno hilo lilikuwa la hasira tu, lakini Feruzi alilichukua kama lilivyo. Jioni ileile alikuja na mkokoteni akabeba magurudumu, mtaimbo na makopo ya zege. Bi. Nyamizi alisimama mlangoni, mkono shavuni, akimwita, "Feruzi! Feruzi, mwanangu!" Hakugeuka. Ukaidi ni mzigo usio na msimamizi, vijana, nao aliubeba wote peke yake.

Akaanza kunyanyua uani kwake. Benchi jipya alilojiundia aliliweka kando ya ukuta, na kweli, ukuta ndio uliomsimamia. Hakuna aliyemwambia aanze na mtaimbo mtupu, kwa hiyo alianza na magurudumu mwili ukiwa bado wa baridi. Hakuna aliyemhesabia, kwa hiyo kumi zikawa nyingi kadiri alivyotaka. Kuvuta aliacha kabisa, kwa sababu kusukuma ndiko kulikompa kifua cha kutembea nacho. Chuma alikishusha karibu na shingo, viwiko vimetanuka kama kuku anayekausha mbawa baada ya mvua. Angeviona, angeviona vipi? Aliyelala chali huona mbingu.

Alichokiona ni mbingu, na alichokisikia ni majirani. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wakipakuliana wali, wakigombezana, wakichekana. Alimaliza mikupuo yake, akakaa kwenye benchi, na kimya cha ua ule kikamlemea kuliko magurudumu. Mara nyingine alijisemea mwenyewe, "Kiwiko," kwa kumkejeli Sudi. Neno likirudi kutoka ukutani halikuchekesha.

Bi. Nyamizi hakumwacha. Kila Alhamisi alilipitisha bakuli lile lenye ua jekundu kwa mama jirani, limejaa matobolwa. Feruzi alikula, akaliosha, na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, alitia ndani kipande cha sega la asali au maembe mawili. Kisha aliliweka kizingitini pa Bi. Nyamizi mapema asubuhi, akaondoka kabla Sudi hajaamka. Kumbe Sudi alikuwa ameshaamka. Alikuwa akisimama nyuma ya mlango, akisikia miguu mirefu ikienda zake, na mkono wake haukufungua komeo. Wote wawili walikuwa wa kuchapwa, lakini nani angewachapa watu wazima?

Maumivu yalianza kidogo. Siku moja alipovaa shati, kitu kilimchoma mbele ya bega la kulia, mfano wa sindano. Mtaani kulikuwa na msemo kwamba ukiumwa baada ya vyuma, ni chuma kinaingia mwilini. Akafurahi kwamba kinaingia, akaongeza makopo mawili ya zege juu ya magurudumu. Mwezi wa pili tangu ugomvi hakuweza kulalia upande wa kulia. Mwezi wa nne hakuweza kufikia rafu ya juu. Ngazi ya Bi. Nyamizi ikawa inapanda kigodani kuchukua sukari! Karakanani, ambako Sudi alikuwa amehamia zamu nyingine, alianza kushika nyundo kwa mkono wa kushoto, akiwaambia wenzake anajifunza kutumia mikono yote. Alijichua dawa ya kuchua mpaka chumba kikanuka, kisha akarudi palepale benchini.

Mwezi wa saba, chuma kilimkalia. Kilishuka kifuani, bega likalia, kikakataa kupanda. Alijaribu kumwita mtu akagundua kwamba hana jina la kuita. Jina lilikuwepo, ila lilikuwa mtaa wa pili na alikuwa amelipiga marufuku. Akaulaza mtaimbo upande mmoja, gurudumu likachomoka, likaangukia mtungi wake wa maji ukapasuka. Upande wa pili wa ukuta alimsikia jirani akisema, "Feruzi huyo na vyuma vyake," na kijiko kikaendelea kugonga sahani. Alilala kwenye tope la maji yake mwenyewe mpaka pumzi ikarudi. Hapo ndipo alipolia, na hakuwa na aibu, kwa sababu aibu nayo inataka mtu wa kukutazama.

Ijumaa iliyofuata hakuamka kulirudisha bakuli, na Alhamisi ikapita bila mama jirani kuleta kitu. Ikapita ya pili. Feruzi akasema moyoni kwamba hata mama amechoka naye, na ana haki. Bakuli lilikuwa kwake, limeoshwa, lina asali ndani, juu ya sanduku. Kila asubuhi alilitazama na hakulipeleka. Laiti angelipeleka. Bi. Nyamizi alikuwa kitandani, akiuliza kila mchana kama yule mrefu amepita.

Jumatatu moja fundi mzee wa karakana alimfuata kwenye mashine, akavua kofia. "Feruzi, pole. Mama yenu ametutoka alfajiri."

Hakusema mama yake Sudi. Alisema mama yenu. Feruzi aliiweka nyundo chini, akatoka bila kuomba ruhusa.

Alifika msibani akasimama mwisho kabisa wa wanaume, karibu na ukuta. Alizoea kuta. Hakuwa na hofu ya Sudi tena, Sudi angeweza kumpiga na asingekwepa. Hofu yake ilikuwa moja: ameahidi kushika mbele, na mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Bega la kubebea alikuwa nalo, la kushoto zima. Lakini jeneza haliruki lenyewe mpaka begani. Linainuliwa kwa mikono miwili, na kwa urefu wake yeye ndiye angeliinua juu kuliko wote. Akawaza atoroke. Akawaza mama yule akienda kichwa chini miguu juu.

Sala ilipokwisha, wanaume wakasogea. Feruzi akapita katikati yao, akainama akashika mkono wa mbele wa jeneza. Hakuna aliyemzuia. Wakasema bismillahi, wakainua.

Jeneza lilifika kifuani. Hapo bega la kulia likakatika nguvu, kiwiko kikatanuka kwenda nje, na upande wake ukaanza kushuka. Kanga iliyofunika ikateleza. Watu wakapiga yowe. Katika maisha yake Feruzi hakuwahi kuona kitu kizito kama mwili ule mwepesi wa bibi kizee.

Mara akasikia vidole viwili kwenye kiwiko chake.

"Kiwiko," sauti ikasema, ya chini, imekwaruzwa na kilio.

Sudi alikuwa ameacha nafasi yake ya nyuma, akaja akasimama ubavuni mwake. Kiganja kimoja alikiweka chini ya jeneza, kingine kikakisukuma kiwiko kirudi ubavuni.

"Usivute kwa bega. Bana mgongo. Kuku anatafuta punje. Haya, pamoja nami."

"Sudi, siwezi."

"Ulimwambia utashika. Pamoja nami."

Wakainua. Jeneza likapanda, likatua kwenye bega la kushoto la Feruzi, likakaa sawa kama meza. Mjuavyo, desturi ya kubeba ni kupokezana, hatua chache mwingine anaingia. Siku hiyo waliokuja kumpokea Feruzi walimwona Sudi akitikisa kichwa, wakapita. Feruzi alimbeba mama yao mbele mpaka makaburini, na njia nzima vidole viwili havikutoka kwenye kiwiko chake.

Walipokwisha zika na watu wakatawanyika, wawili hao walibaki wamekaa kwenye udongo mpya. Sudi ndiye aliyeanza, kama kawaida yake.

"Bega limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na hukuacha?"

"Nilidhani chuma kinaingia."

"Nani alikuwa akitazama viwiko?"

Feruzi akatikisa kichwa. "Ukuta. Sudi, miezi minane sikukiona kiwiko changu hata mara moja. Si cha vyuma tu. Mama alikuwa anaumwa, mimi nimekaa na bakuli lake nikisema amenichoka." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Mnyanyua peke yake haoni kiwiko chake."

Sudi akasema, "Na mimi nilikuwa nyuma ya mlango kila Ijumaa asubuhi. Sikufungua." Akapangusa udongo magotini. "Kuku wa mama wametagia chini ya benchi."

Ndiyo, walirudi kwenye uwanja ule. Lakini sitawadanganya ili hadithi iwe tamu. Bega la Feruzi halikurudi zima. Karibu mwaka mmoja alinyanyua mtaimbo mtupu tu, akivuta zaidi ya alivyosukuma, Sudi kichwani pake akisema neno lilelile. Maumivu yalipungua, shati akalivaa, sukari akaifikia. Magurudumu ya kiberenge hakuyasukuma tena mpaka anakufa. Akawa msimamizi. Vijana wa mtaa walipoanza kuja, yeye ndiye aliyesimama kichwani kwa kila mmoja, vidole viwili tayari, na waliokuwa na kiburi aliwaambia maneno aliyoyasema makaburini.

Sudi alitangulia mbele ya haki. Baada ya hapo Feruzi, mzee wa mvi sasa, alikuja uwanjani kila alasiri na kulala kwenye benchi la mninga akiwa na mtaimbo mtupu, mzigo ambao hata bibi arusi angeunyanyua. Hakuunyanyua. Aliushika tu, akasubiri, macho mbinguni. Siku nyingine hakuna aliyetokea, akaurudisha mahali pake, akaenda zake. Siku nyingine alisikia hatua za mtu, yeyote, hata anayepita njia, naye akaita bila kugeuza kichwa:

"Wewe, tafadhali. Njoo unisimamie."

Haya, sasa jilaze. Lakini mwite mwenzako kwanza asimame hapo kichwani, vidole viwili kwenye kiwiko, na akikuambia neno usinune. Mnyanyua peke yake haoni kiwiko chake.